Kapasita Zilizopimwa kwa Kiganja

Mama mkwe alifika Jumamosi asubuhi akiwa na mkoba mmoja wa nguo na trei ya mayai ya zawadi, na kabla hata hajakaa alitangaza msiba: mashine yake ya kutotolesha vifaranga ilikuwa imepika mayai sitini.

"Nimefungua mlango nione vifaranga," alisema, "nikakuta kifungua kinywa cha mtaa mzima."

"Pole sana, mama," alisema mkwewe, akiipokea trei kwa mikono miwili.

"Sijaja kupewa pole. Nimekuja kutengenezewa nyingine."

Mkwewe huyo majirani walimwita Fundi, na hata mumewe alimwita hivyo akiwa na shida. Kazi yake ilikuwa kubuni bodi za umeme, vile vibao vilivyomo ndani ya redio na pampu na ving'ora, vyenye vijia vyembamba vya shaba vinavyopeleka umeme kutoka kidude hadi kidude. Aliifanyia nyumbani, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, meza ndefu, kompyuta, na kioo cha kukuzia kilichosimama kwa mguu mmoja kama korongo. Miaka miwili tangu aolewe, yeye na mama mkwe walikuwa wamesalimiana vizuri, wameulizana habari za mtu mmoja, mume wa huyu na mtoto wa yule, wakaishia hapo. Alikuwa amesikia kwa pembeni kwamba mama mkwe, akiulizwa mkwe wake anafanya kazi gani, hujibu: "Anachora barabara za sisimizi."

Sasa mama mkwe alikaa, akavua viatu, akasema mwenyewe bila haya: "Wewe si ndiye unayechora zile barabara za sisimizi? Nichorie moja inayokwenda kwenye mayai."

Mume, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na aliwajua vizuri wanawake wote wawili, alikumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha.

Fundi naye alileta daftari lake, akaanza kuuliza kama daktari. Mayai mangapi? Sitini. Umeme unakatika mara ngapi? Mara nyingi, ila haukawii sana. Na joto?

"Thelathini na saba na nusu, na kidogo juu yake," alijibu mama mkwe, hata bila kufikiri. "Likigusa thelathini na tisa, umeua. Likishuka kidogo kwa saa moja mbili si dhambi, maana hata kuku mwenyewe huteremka akale, akajinyooshe, ndiyo arudi. Lakini likishuka siku nzima, wanachelewa, wanatoka wanyonge, hawana raha ya kuishi."

Fundi aliacha kuandika akamtazama. Wateja wake wa kawaida, watu wenye ofisi na kadi za biashara, walikuwa wakimwambia "joto la kutosha" na "isiwe ghali". Huyu hapa alikuwa na namba. Wakaongea mpaka chakula cha mchana kikapoa mezani, na ndiyo mara ya kwanza mazungumzo yao yalipita bila mtu kuuliza afya ya mwalimu wa hesabu.

Siku ya tatu Fundi alimwita chumba cha nyuma aone mchoro. Alikuwa ameufanyia kazi kama mshonaji anavyoshona gauni la bibi harusi. Bodi nzima ilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Rezista zake, vidude vya kupunguza nguvu ya umeme, zilikuwa kama punje za mchele uliovunjika, na vijia vya shaba vilipishana bila hata kimoja kugusa kingine.

Mama mkwe alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ni nzuri," alisema. "Hivi vidogo vinashikwaje?"

"Navichomelea kwa waya wa risasi unaoyeyuka, mama, nikitazama kwenye kioo cha kukuzia."

"Na kimoja kikiungua nikiwa kwangu?"

"Nitakuja."

"Ni safari ya siku nzima, mwanangu. Mayai hayasubiri mgeni." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Kwetu yupo fundi redio. Mtu mwema, na mkono wake mzuri. Lakini miwani yake ameifunga kwa uzi, na kitu kidogo kuliko haragwe hakioni. Bodi hii ataipa shikamoo tu na kunirudishia."

Fundi alijibu "sawa, mama," kwa sauti ya mtu ambaye mambo si sawa. Asubuhi yote iliyobaki alikaa mbele ya ule mchoro akiutetea kimoyomoyo. Ni mdogo. Ni nadhifu. Hata mwalimu wake wa chuo angeutundika ukutani. Kisha akajiuliza swali ambalo angelimuuliza mwanafunzi yeyote: bodi hii ni ya nani? Akajibu, akavuta pumzi, akafuta kila kitu. Alianza upya kwa vidude vikubwa vyenye miguu, vile vya kizamani vinavyopenya upande mmoja wa bodi na kuchomelewa upande wa pili, vinavyoonekana bila kioo na kubadilishwa na yeyote mwenye mkono uliotulia. Kiberiti kikawa sahani ya chai.

Kilichofuata ni ugomvi wa swichi, kama ulifaa kuitwa ugomvi, maana walicheka zaidi ya walivyobishana. Taa za kupasha joto zilihitaji kitu cha kuziwasha na kuzizima, na Fundi alikuwa na swichi mbili za kuchagua. Akaziweka mezani.

"Hii inaitwa rilei. Ndani ina sumaku na kibati. Umeme ukiingia, kibati kinavutwa." Akaiunga kwenye betri. Ta! "Hii ya pili haina kitu kinachotembea ndani. Haina kelele, wala haichakai upesi. Mimi nataka hii."

Mama mkwe aliichukua ile ya kwanza pamoja na betri yake. Ta! Ta! Ta! Uso wake uling'aa.

"Mimi nataka inayosema."

"Mama, itachakaa. Itagonga mara mia kwa siku."

"Hata mimi nachakaa, na bado nasema." Ta! "Sikiliza. Mimi niko jikoni, mashine iko chumba cha pili, mikono yangu ina unga. Nikisikia hii, najua iko hai. Hiyo bubu yako ikifa, nani ataniletea habari za msiba?"

Fundi aliisogeza ile bubu pembeni. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amepima umeme na joto na maisha ya kifaa, lakini hakuwahi kupima mtu aliye jikoni na mikono yenye unga. Wakapatana. Rilei itakuwa, ila kubwa kuliko mahitaji ili isichoke haraka, na haitachomelewa. Itakaa kwenye soketi yake ili ichomolewe na kupachikwa kama balbu. Rilei mbili za akiba zitafungwa ndani ya mlango.

Mchoro ukapelekwa kiwandani. Mama mkwe aliyekuja kwa siku tatu alisema hawezi kuondoka bila kuona mwisho wa jambo lake, akalima kitalu cha mboga nyuma ya nyumba, akabaki. Na kwa kuwa kiwanda kingechukua majuma mawili, wakaona waende kununua vipuri.

Duka la vipuri lilikuwa jembamba kama ushoroba, na kuta zake zote mbili zilikuwa droo tupu, kutoka sakafuni hadi darini, kila moja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mwenye duka, kijana mrefu mwenye penseli nyuma ya kila sikio, alijulikana kwa jina la Bwana Droo, na alipanda ngazi yake ya magurudumu kama nahodha. Ungemtajia kitu chochote, angesukuma ukuta kwa mguu, ngazi ikateleza, mkono wake ukatua penyewe bila kusoma karatasi.

Fundi alisoma orodha yake. Rezista, sawa. Transista, sawa. Fyuzi na kikalio chake, sawa. Kwenye viunganishi vya nyaya mama mkwe akaingilia: vya kubana havitaki, anataka vya skrubu, maana bisibisi haikosekani nyumba yoyote. Bwana Droo akamtazama Fundi, Fundi akasema, "Fuata anavyosema, ndiye mwenye bodi."

Zikaja kapasita, zile kubwa za kutuliza umeme usiyumbe, zenye umbo la kopo na unene wa kidole gumba. Bwana Droo alimwaga kumi kwenye kaunta. Zote zilikuwa nyeusi, zote mpya, zote zimeandikwa maandishi yaleyale ya fedha. Fundi alichukua mbili za mbele akataka kuendelea na orodha.

"Ngoja," alisema mama mkwe.

Aliweka moja kila kiganja, akafumba macho, akaipandisha na kuishusha mikono kidogokidogo.

"Hii nzima," alisema. "Hii viza."

Bwana Droo akacheka hapohapo juu ya ngazi. "Mama, kapasita haziatamiwi!"

Wateja wawili waliokuwa nyuma yao, mmoja wao fundi spika mwenye tumbo kubwa, wakacheka pia. Fundi aliona joto likimpanda shingoni. Alitamani sakafu ipasuke. Lakini mama mkwe hakucheka wala hakukasirika. Alisukuma moja kulia, nyingine kushoto, akachukua mbili zaidi.

"Mama, wanasema mchagua jembe si mkulima," alisema yule fundi spika.

"Aliyesema hivyo alikuwa anauza majembe," alijibu mama mkwe, macho yamefumbwa. Kicheko kikahamia upande wake.

Alipomaliza kumi, kulia zilikuwa sita na kushoto nne. Fundi alitaka kusema kitu cha kumaliza aibu, lakini udadisi ukamshinda. Alitoa mita yake kwenye mkoba. Akapima moja ya kulia. Uwezo wake ulioandikwa ulikuwa elfu moja. Mita ikasoma mia tisa na themanini. Vizuri. Akapima moja ya kushoto. Mia mbili na kumi. Akaifuta miguu ile kapasita, akapima tena. Mia mbili na kumi. Akapima ya pili ya kushoto, ya tatu, ya nne.

"Bwana Droo," alisema taratibu, "hebu shuka."

Bwana Droo alishuka, akaona namba, na penseli moja ikaanguka sikioni. Alichukua koleo, akaikata ile kapasita katikati. Ndani ya kopo kubwa kulikuwa na karatasi iliyosokotwa, na ndani ya karatasi kulikuwa na kapasita nyingine, ndogo, imekaa humo kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

"Aaah!" wakasema wote kwa pamoja, hata fundi spika.

"Haki ya Mungu sikujua," alisema Bwana Droo. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi nikawauzia watu." Akapanda ngazi bila mbwembwe safari hii, akashusha boksi zima, kisha maboksi mengine mawili, akayaweka mbele ya mama mkwe. Akavuta kiti. Akaagiza chai. "Mama yangu, nisaidie. Macho yangu yameshindwa."

Mama mkwe alikaa pale saa nzima akipima maboksi matatu kwa viganja vyake, anakunywa chai huku anahukumu, nzima, viza, nzima, nzima, viza, na Fundi akipima nyuma yake kwa mita. Alikosea mara mbili tu. Fundi spika alisahau alichokuja kununua.

"Umejuaje?" Fundi alimuuliza walipokuwa barabarani, mifuko mkononi.

"Miaka thelathini nachagua mayai ya kuatamisha. Yai lililokauka ndani linadanganya jicho. Kiganja halikiwezi." Akatembea hatua chache. "Ungeziweka, ingekuwaje?"

"Ingefanya kazi mwezi mmoja, labda miwili. Halafu siku umeme unayumba, mashine ingezimika katikati ya siku ishirini na moja, na mimi ningelaumu kila kitu isipokuwa kapasita."

"Basi tumeokoana," alisema mama mkwe, akamshika mkono kuvuka barabara, na ng'ambo ya pili hakuuachia.

Bodi ilikuja ikiwa nyekundu, rangi aliyoichagua mama mkwe mwenyewe. Walikaa wote wawili kwenye meza ndefu; mama mkwe anakabidhi vidude kimoja kimoja kwa kufuata orodha, Fundi anachomelea, moshi mwembamba wa risasi unapanda kuelekea dirishani. Mwalimu wa hesabu alipewa kazi ya kutoboa matundu ya hewa kwenye jokofu bovu ambalo lingekuwa mwili wa mashine. Aliyapima kwa rula na bikari, na bado yakaenda upande.

Wakaiwasha ikiwa tupu. Ta! Taa zikawaka. Baada ya muda, ta! zikazima. Kioo kidogo cha namba kikasoma thelathini na saba nukta sita, kikatulia hapo. Fundi alipiga makofi.

Mama mkwe aliingiza kipimajoto chake cha zamani kwenye rafu ya mayai, akasubiri, akakitoa.

"Thelathini na nne."

"Kipimajoto chako kimezeeka, mama."

"Inawezekana." Akaazima kingine kwa jirani anayefuga samaki wa mapambo. Thelathini na nne. Mwalimu akaleta cha maabara ya shule. Thelathini na nne na robo.

Fundi alirudi kwenye mchoro akiwa na moyo mzito. Haikumchukua muda. Kihisi cha joto, kile kidude kidogo kinachoiambia bodi hali ya humo ndani, alikuwa amekiweka juu ya bodi yenyewe, ubavuni mwa kidude kingine ambacho hupata moto kila kinapofanya kazi. Kihisi kilikuwa kinaota moto wa jirani yake, kinadhani dunia nzima ina joto. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Angelifanya mbele ya mteja mwingine yeyote, angelirekebisha kimyakimya. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni kosa langu," alisema. "Si la kiwanda, si la vipuri. Nimechagua kitu kizuri nikakiweka pabaya. Mayai yangepoa yote."

Mama mkwe aliingia akaketi kwenye kiti cha pili.

"Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa," alisema, "nilitaka mama mkwe wangu aone kwamba najua kufuga. Nikamwatamisha kuku mayai kumi na mawili. Siku ya ishirini na moja, kimya. Ya ishirini na tatu, kimya. Ya ishirini na tano kuku wa watu amekonda, ananitazama kana kwamba nimemdhulumu. Kumbe nilichukua kikapu cha mayai ambayo mama mkwe alikuwa ameshayachemsha kwa ajili ya safari."

Fundi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na yeye alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alininyamazia miaka minne." Mama mkwe naye alikuwa anacheka, lakini sauti yake ilishuka kidogo. "Na mimi nimekunyamazia miwili, nikijiambia kwamba sina la kukwambia. Basi. Haya, tunakihamisha wapi hicho kidude?"

Walikihamisha pamoja. Fundi aliking'oa kihisi kwenye bodi, akakiunga kwenye waya mrefu, akakiziba vizuri kisiingie maji. Mama mkwe ndiye aliyeonyesha pa kukiweka, katikati ya rafu, kimo kilekile cha juu ya yai, "pale kidari cha kuku kinapogusa". Vipimajoto vyote vitatu vikakubaliana na kioo kwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata wakanunua mayai sitini kwa mfugaji wa ng'ambo ya mtaa, baada ya mama mkwe kumpekulia trei tano na kumwachia jasho.

Siku ya kumi na nane umeme ulikatika saa nne asubuhi. Saa sita haukurudi. Saa nane haukurudi. Betri ndogo ya akiba ambayo Fundi alikuwa ameifunga ndani ya mashine iliifanya bodi iendelee kusoma joto ingawa haikuwa na nguvu ya kuwasha taa, na namba ziliteremka mbele ya macho yao: thelathini na saba, thelathini na sita, thelathini na tano na nusu. Walilifunika jokofu mablanketi yote ya nyumba. Mama mkwe alichemsha maji, akayajaza kwenye chupa, akazifunga vitambaa na kuzipanga chini ya rafu. Fundi alikaa chini akisoma namba kwa sauti kila dakika tano, na mama mkwe alikuwa anaongeza chupa au anaondoa kwa kufuata sauti hiyo. Mwalimu alirudi kutoka kazini akakuta kitanda chake hakina hata shuka. Saa kumi na robo umeme ulirudi. Ta!

"Umesikia?" alisema mama mkwe. "Hiyo bubu yako ingetuambia nini?"

"Isingesema kitu, mama," alikiri Fundi.

Yai la kwanza lilipasuka siku ya ishirini na moja, saa mbili asubuhi, wakati wanakunywa uji. Walisikia kitu kinagonga ambacho si rilei. Kufikia adhuhuri kulikuwa na vifaranga kumi na saba waliolowa, wabaya wa sura, wanaanguka anguka kama walevi. Jioni walikuwa arobaini. Mwalimu wa hesabu alipewa kazi ya kuhesabu, na kwa sababu hawakutulia alipata majibu matatu tofauti. Kesho yake asubuhi wakakubaliana kwamba ni hamsini na mbili.

"Hamsini na mbili kwa sitini," alisema mama mkwe. Alimtoa mmoja aliyekwisha kukauka, wa manjano, akamweka kwenye kiganja cha Fundi. Fundi, aliyekuwa ametengeneza ving'ora mia na pampu zisizo na idadi, na ambaye hakuwahi kuona kazi yake ikipumua, alisimama palepale akiogopa kufunga vidole.

Jokofu lilipakiwa kwenye gari juma lililofuata, pamoja na maboksi ya vifaranga na mama mkwe aliyekaa mbele akimwelekeza dereva kabla gari halijawashwa. Nyumba ikawa na ukimya ambao hakuna aliyeuzoea tena. Fundi alirudi kwenye kazi za wateja wake, na mumewe aliona kwamba siku hizi wakipiga simu anawauliza maswali ya ajabu: anayetumia kifaa anakaa wapi, mikono yake inakuwa na nini, nani atakitengeneza kikiharibika.

Miezi miwili baadaye simu ililia Fundi akiwa katikati ya mchoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza, nimeanza bata. Bata si kuku. Anataka siku ishirini na nane, na anataka unyevu mwingi, la sivyo ganda linamganda mgongoni."

Fundi alivuta daftari, akaifungua kalamu kwa meno.

"Unyevu kiasi gani, mama? Nipe namba."

Mama mkwe alimpa.